Mshikamano Hupimwa kwa Nini? Wakristo na Jirani Zao Waislamu Baada ya Mauaji ya Msikiti wa Québec

Katika madarasa yetu ya siasa liko neno ambalo kila mtu hulitamka na wachache hulieleza. Neno lenyewe ni mshikamano. Zamani tulilitumia zaidi tulipozungumza juu ya vyama vya ukombozi vya Kusini mwa Afrika na juu ya wafanyakazi wa viwandani. Siku hizi tunalisikia pia kila nyumba ya ibada inaposhambuliwa. Viongozi wa dini nyingine huja wakashikana mikono, picha hupigwa, na kesho yake magazeti huandika kwamba mshikamano umeonekana. Sisi tunaofundisha siasa hatuna ruhusa ya kuishia hapo. Tunapaswa kuuliza umeonekana katika jambo gani, ulidumu kwa muda gani, na ni nani aliyetoa nini.

Ili maelezo yetu yasielee hewani tumechagua tukio moja na mji mmoja, yaani mauaji ya msikiti wa Québec, nchini Kanada, ya mwaka 2017. Miaka ya kutosha imekwisha kupita, na kwa hiyo tunaweza kuyatazama mambo yaliyofuata badala ya hotuba za juma la kwanza peke yake. Tena lilitokea katika nchi ya kibepari iliyoendelea, yenye sifa ya kukaribisha wageni, katika jimbo ambalo wenyeji wake wengi wamezaliwa katika Ukatoliki. Asitokee mtu wa kutuambia kwamba chuki hiyo ililetwa na umaskini au na kutojua kusoma.

TUKIO LENYEWE

Jumapili tarehe 29 Januari 2017, usiku, baada ya sala ya isha, kijana mmoja wa miaka 27, mwanafunzi wa chuo kikuu, aliingia katika Kituo cha Utamaduni wa Kiislamu kilichoko Sainte-Foy, mjini Québec, akawafyatulia risasi watu waliokuwa wamemaliza kusali. Watu sita walikufa. Wengine watano walijeruhiwa vibaya. Watoto 17 wakawa yatima wa baba. Mmoja wa waliokufa alimrukia muuaji kwa mikono mitupu ili wenzake wapate kukimbia.

Ni watu gani hawa? Wawili walitoka Guinea, wawili Aljeria, mmoja Moroko, mmoja Tunisia. Miongoni mwao alikuwamo mwalimu wa chuo kikuu, watumishi wa serikali, na mwenye duka la nyama ambalo wageni wapya waliofika mjini walilijua kabla hawajajua ofisi yoyote. Msomaji atazame majina ya nchi hizo nne. Zote zilitawaliwa na Mfaransa. Québec ni jimbo la wasemaji wa Kifaransa waliozungukwa na bahari ya Kiingereza. Linahitaji watu wa kufanya kazi, na kwa mapatano yake na serikali ya Kanada ya mwaka 1991 lina mamlaka ya kuchagua wahamiaji wake wengi. Likachagua wenye Kifaransa. Lugha ile ile iliyoachwa Afrika na mkoloni ndiyo iliyokuwa tiketi ya kuwafikisha watu hawa kwenye theluji ya Sainte-Foy. Walialikwa kwa sababu ya ulimi wao. Walipofika, wakatazamwa kwa sababu ya dini yao. Hapo ndipo penye mgongano, na hauwezi kueleweka kwa kusema tu kwamba muuaji alikuwa mgonjwa wa akili.

Muuaji mwenyewe aliwaeleza polisi kwamba alichochewa na habari kuwa Kanada ingepokea wakimbizi zaidi. Siku mbili kabla, tarehe 27 Januari, Rais wa Marekani alikuwa ametia sahihi amri ya kuwazuia raia wa nchi saba zenye Waislamu wengi kuingia nchini mwake, na Waziri Mkuu wa Kanada alijibu kwa maneno ya kuwakaribisha. Kijana huyo alikiri makosa mwezi Machi 2018 na kuhukumiwa kifungo cha maisha.

Hata kabla damu haijakauka propaganda ilikwisha kuanza. Polisi walimkamata pia mtu mmoja mwenye asili ya Moroko, na vyombo vya habari vya nje vikatangaza haraka kwamba mshambuliaji ni Mwarabu. Kumbe mtu yule alikuwa akiwahudumia majeruhi. Habari ya kwanza ilienea duniani kote. Sahihisho lilitambaa nyuma yake. Makada wetu walikumbuke jambo hili watakapoletewa uvumi wa namna hiyo katika wilaya zao.

USIKU WA MISHUMAA

Tusiwe wachoyo wa haki. Wakristo wa Québec hawakujifungia ndani. Jioni ya tarehe 30 Januari, katika baridi kali, maelfu ya watu walikusanyika karibu na kanisa la Notre-Dame-de-Foy, si mbali na msikiti, wakiwa na mishumaa na maua. Kardinali Gérald Lacroix, Askofu Mkuu wa Québec, alikuwa Roma. Asubuhi ile Papa Fransisko alimpokea, akamwahidi sala zake, na kardinali akafunga safari ya kurudi kwa watu wake mara moja. Ijumaa iliyofuata, mjini Toronto, Wayahudi, Wakristo na wengine wasio na dini walisimama nje ya misikiti kadhaa wakashikana mikono na kuizunguka kama ukuta, Waislamu wakasali ndani. Jambo hilo lilikuwa na historia yake: mwezi Februari 2015 vijana wa Kiislamu wa Oslo, Norway, walifanya hivyo hivyo kulizunguka sinagogi la Wayahudi.

Yako mawazo yanayodharau vitendo kama hivi na kuviita maigizo ya mabwanyenye. Sisi hatukubaliani nayo. Mtu aliyeuawa kwa ajili ya dini yake anakuwa ameambiwa, yeye na wote walio kama yeye, kwamba hawana watu. Jirani anayesimama barabarani usiku katika baridi anaukanusha uwongo huo kwa mwili wake. Mjane anayaona hayo, na watoto wanayaona.

Lakini mshumaa hauna gharama. Aliyeuwasha amerudi nyumbani na kila alichokuwa nacho: nyumba yake, kura yake, nafasi yake ya kazi, na mawazo yake aliyokuja nayo. Hii ndiyo tofauti kati ya huruma na mshikamano. Mwenye huruma hutazama chini, hutoa kile kisichompunguzia kitu, na shukrani humrudia. Mwenye mshikamano husimama sawa na mwenzake na hukubali kupungukiwa. Kwa hiyo ili kujua kama Québec ilikuwa na mshikamano, tunapaswa kusubiri mpaka Waislamu waombe kitu.

WALIPOOMBA KABURI

Walichoomba kilikuwa mahali pa kuzika.

Mji wa Québec haukuwa na makaburi ya Waislamu wenyewe. Mtu akifa, maiti yake ilipelekwa mbali, upande wa Montréal, au ilisafirishwa nchi za nje. Maiti za wengi wa wale sita zilirudishwa Afrika kwa ndege, kana kwamba walikuwa wapita njia. Waislamu walikuwa wametafuta kiwanja kwa miaka mingi. Baada ya mauaji walikipata Saint-Apollinaire, mji mdogo kusini ya mto Saint-Laurent, karibu na kampuni ya mazishi iliyokuwa tayari kuwauzia. Meya Bernard Ouellet aliunga mkono. Madiwani wakakubali kubadili matumizi ya ardhi.

Sheria ya jimbo, hata hivyo, iliwapa wakazi wanaopakana na kiwanja haki ya kudai kura. Wakadai. Watu waliokuwa na haki ya kupiga kura walikuwa 49 tu. Tarehe 16 Julai 2017, miezi isiyotimia sita tangu usiku wa mishumaa, walipiga kura 36. Waliokataa walikuwa 19, waliokubali 16, na kura moja iliharibika. Makaburi yakakataliwa.

Msomaji wa kwetu huenda akaona ni jambo dogo, kiwanja tu. Hapana. Katika vijiji na mitaa yetu tunajua kwamba ujirani hukamilika msibani. Jirani Mkristo hukaa mkekani katika matanga ya Mwislamu, hushika jembe kuchimba kaburi, mkewe huwa jikoni tangu alfajiri. Na siku ya zamu yake, Mwislamu hufanya vivyo hivyo. Mtu unayemnyima pa kuzikwa umemwambia kwamba unaipokea kazi yake akiwa hai na huitaki mifupa yake akifa. Mnyonyaji ndivyo anavyomtazama manamba: mkono wake ni wangu, mengine yake ayapeleke kwao.

Ule mwezi wa Julai kiongozi wa msikiti alitumiwa kifurushi chenye Kurani iliyoharibiwa pamoja na picha ya nguruwe, na mwezi Agosti gari lake lilichomwa moto. Hao walikuwa wahalifu. Wale 19 hawakuwa wahalifu, na ndiyo sababu wanatuhusu zaidi.

HOJA YA USAWA

Waliopinga hawakusema "tunawachukia Waislamu." Wengi wao walisema jambo lenye sura nzuri: hatutaki makaburi ya dini moja, yafanywe makaburi ya watu wote, tuzikwe pamoja bila ubaguzi. Mwanafunzi mmoja wa siasa akiisikia hoja hii kwa mara ya kwanza anaweza kupiga makofi. Inafanana na maneno yetu wenyewe. Ndiyo maana inafaa kuichambua polepole.

Wakatoliki wa Québec walizikana katika makaburi ya Kikatoliki kwa zaidi ya miaka 300. Makaburi hayo yapo, yana misalaba, na hakuna aliyeitisha kura ya kuyavunja. Usawa ukaanza kudaiwa siku Mwislamu alipoomba ekari zake chache. Mwenye nacho amekwisha pata, halafu anatangaza kwamba tangu leo hakuna kupata. Huo ni usawa wa maneno uliowekwa juu ya hali isiyo sawa, na kazi yake ni kuilinda hali hiyo. Tumewahi kuuona katika uchumi. Nchi zilizojenga viwanda vyao nyuma ya kuta za ushuru ndizo zinazotufundisha leo faida za soko huria.

Njia ile ile ya kufikiri ilifika kwenye Bunge la jimbo. Tarehe 16 Juni 2019 ilipitishwa sheria inayojulikana kwa namba 21, inayowakataza walimu wa shule za serikali, polisi, mahakimu na watumishi wengine wenye madaraka kuvaa alama za dini kazini. Imeandikwa kwa usawa kabisa: msalaba, kilemba cha Kalasinga, kofia ya Myahudi, hijabu, vyote vimetajwa kwa jina moja la alama. Lakini msalaba huingia ndani ya shati. Anayeacha kazi ni mwalimu mwanamke wa Kiislamu. Wenyewe waliijua hatari hiyo, kwa maana waliikinga sheria kwa kifungu cha katiba kinachoruhusu bunge kuzipita baadhi ya haki za raia. Mahakama ya Rufani ya Québec iliithibitisha sehemu kubwa ya sheria hiyo Februari 2024, na Januari 2025 Mahakama ya Juu ya Kanada ikakubali kuisikiliza kesi.

Msalaba wenyewe una kisa chake. Mwaka 1936 msalaba wenye sanamu ya Kristo ulitundikwa juu ya kiti cha spika wa bunge hilo. Tume ya mwaka 2008 ilipopendekeza uondolewe, wabunge wote kwa sauti moja walikataa, wakisema ni urithi wa taifa. Uliondolewa Julai 2019, baada ya sheria ya alama kupita. Kwa miaka yote hiyo makanisa ya jimbo yalikuwa yakizidi kuwa matupu, mengine yakiuzwa. Hapa tunaona kitu ambacho Mkristo mwenye imani anapaswa kukiona kabla yetu sisi wanasiasa: dini ikiacha kuwa imani na kubaki alama ya ukoo, haimsaidii tena anayeishika, lakini bado inaweza kutumika kumfungia mlango jirani.

CHUKI ILITENGENEZWA WAPI

Chuki haikuanguka kutoka mbinguni. Januari 2007 kijiji cha Hérouxville, ambacho karibu hakikuwa na mhamiaji hata mmoja, kilitunga kanuni za kuwafundisha wageni kwamba hairuhusiwi kuwapiga wanawake mawe. Mwaka 2013 chama kilichotawala jimbo kilileta mswada wa "maadili" uliolenga mavazi ya dini, kikitumaini kura. Kilishindwa uchaguzi wa Aprili 2014, lakini maneno yalikwisha kupandwa. Mjini Québec ziko redio za biashara ambazo wenyeji wenyewe huziita redio za takataka. Zinauza matangazo, na hasira huleta wasikilizaji kuliko utulivu. Kila asubuhi mfanyakazi anayekwenda kazini ndani ya gari lake anaambiwa kwamba adui yake ni mwanamke mwenye hijabu. Hakuna anayemweleza ni nani anayepanga mshahara wake. Wakati huo huo daktari au mhandisi kutoka Algiers anaendesha teksi kwa kuwa vyeti vyake havitambuliwi. Wote wawili wananyonywa, na redio inahakikisha hawazungumzi.

Ndani ya hali hiyo alitokea mtu ambaye tunamhesabu miongoni mwa walioelewa. Charles Taylor, mwanafalsafa mashuhuri na Mkatoliki, alikuwa mmoja wa wenyeviti wawili wa ile tume iliyotoa taarifa yake mwaka 2008. Tume hiyo ilikuwa imependekeza kwamba mahakimu na polisi wakatazwe alama za dini, na kwa miaka tisa wanasiasa waliyatumia maneno yake kama ngao. Tarehe 14 Februari 2017, siku 16 baada ya mauaji, Taylor aliandika hadharani kwamba haungi mkono tena pendekezo hilo, kwa sababu jamii iliyokwisha jeruhiwa haifai kufunguliwa kidonda kingine. Alikuwa mzee wa miaka 85. Alikuwa na heshima ya kupoteza, na wengi walimkasirikia. Katika Chama tunakuita kitendo hiki kujikosoa. Tunakitaja kwa sababu kilifanywa mapema, wakati bado kingeweza kumsaidia mtu, na kwa sababu kilimgharimu.

KADA AFANYE NINI

Kwetu wapo wanaosema kwamba Chama hakina dini na kwa hiyo mambo ya misikiti na makanisa yaachiwe masheikh na maaskofu. Ni kweli Chama hakina dini. Wanachama wanazo, na kaburi, shule, kazi na usalama ni mambo ya siasa hata yakiombwa na mtu mwenye kofia au mwenye rozari. Wala tusijidai kwamba Québec iko mbali. Februari 1998 watu waliuawa kwa risasi za polisi katika ghasia za msikiti wa Mwembechai, Dar es Salaam. Oktoba 2012 makanisa yalichomwa na kuharibiwa Mbagala. Tarehe 5 Mei 2013 bomu lilitupwa kwenye kanisa la Olasiti, Arusha, na watu watatu wakafa. Kila mara tulitoa tamko la kulaani. Tunawaomba makada wa matawi yanayohusika wajiulize wenyewe, bila kutusubiri sisi: baada ya Mwembechai, ni wanachama wangapi Wakristo walikwenda kukaa na wafiwa? Na baada ya Olasiti, Waislamu wangapi? Tawi lenye majibu lina kitu cha kufundishia wengine.

Turudi Saint-Apollinaire, kwa kuwa somo la utendaji liko katika hesabu yake. Watu 49 walikuwa na haki ya kura, 36 walipiga. Kumi na tatu walibaki nyumbani. Hatudhani wote 13 walikuwa maadui. Walio wengi wa namna hii, popote duniani, ni watu wema wasiopenda kugombana na jirani. Wanne tu kati yao wangekwenda kukubali, kura zingekuwa 20 kwa 19. Au, bila hao, wawili kati ya waliokataa wangebadili mawazo, ingekuwa 18 kwa 17. Maelfu walisimama na mishumaa Sainte-Foy mwezi Januari, na wengi wao hawakuwa na kura Saint-Apollinaire. Lakini miguu walikuwa nayo. Kati ya miji hiyo miwili ni mwendo wa gari usiofika saa moja.

Meya wa Québec, Régis Labeaume, aliona aibu ya jambo hilo. Tarehe 4 Agosti 2017 alitangaza kwamba mji wake ungewauzia Waislamu kiwanja mjini humo humo kwa dola za Kanada 270,000, na safari hii hapakuwa na kura ya majirani. Waislamu wakapata makaburi kwa uamuzi wa ofisi. Sisi tunaufurahia uamuzi huo, lakini kada asifikiri kwamba umefanya kazi yake. Zile nyumba za Saint-Apollinaire zilibaki kama zilivyokuwa. Katibu wa tawi aliyezoea kuhamasisha shamba la kijiji anajua ukubwa wa kazi iliyoachwa pale: watu 49, mlango kwa mlango, jioni nne au tano, na pengine awe Mkristo anayekwenda, akiwa amefuatana na Mwislamu mmoja wa kukaa naye sebuleni na kujibu maswali.